Chupa ya Kifuniko Cheupe

Kambi ya Mabomba, 4 Machi

Mpwa wangu Bi Kaunta,

Hujambo? Mimi mjomba wako Cheche sijambo, na kama kuna mtu amekwambia nimekonda, mwambie akapimwe macho. Hapa kambini tunalaza mabomba ya maji makubwa ajabu. Juzi ng'ombe wa watu aliingia ndani ya moja akapotea, akatokea upande wa pili siku ya tatu, kanenepa. Usiniulize alikula nini humo. Msimamizi wetu amesema mbele ya watu kwamba mshono wangu ukiupitishia ukucha huwezi kujua ulipoanzia. Hakusema kwa maneno hasa, alikohoa tu, lakini mimi nilimwelewa.

Chumba changu ni nusu ya kontena. Kitanda nimejiundia mwenyewe kwa vipande vya mabomba. Ukikigonga kinalia kama kengele ya shule. Mwambie mama yako kwamba geti lake nimeshalipima kichwani. Nikirudi nalimaliza kwa siku mbili, na wezi wakiliona watatafuta kazi nyingine.

Lile lengelenge langu la mdomoni limerudi wiki iliyopita pamoja na kijihoma. Unalijua. Tangu utotoni nikipata homa lazima lije kunisalimia, na mama yako alikuwa akiniita Mdomo Sponji. Halinisumbui, nalitaja tu kwa kuwa wewe umesomea dawa.

Sasa neno lenyewe. Moto wa kuchomelea umenipiga macho. Yote mawili, mpwa wangu, kwa mpigo! Nilikuwa nafunga mshono wa bomba kuu, saa sita mfululizo, kioo cha barakoa kikapasuka kwa ukali wa ule moto, na bado sikuacha, maana mshono kama ule ukiuacha katikati ni kama kumwacha bibi harusi mlangoni. Sasa macho ni mekundu, yanatiririka machozi, ni kama mtu kanimwagia mchanga. Nilidhani pia kuna kibanzi cha chuma, nikajifuta kwa ncha ya leso niliyoilamba, kama desturi yetu mafundi. Kambi nzima huniletea macho yao niwatoe vibanzi kwa leso hiyo, na sijashindwa hata na kimoja.

Nitumie yale matone ya mwaka juzi ya dukani kwenu kwa dawa, chupa ndogo ya kifuniko cheupe. Yaliniponya kwa siku moja. Mpe dereva wa lori la mabomba, yule tunayemwita Taratibu kwa sababu hajui maana ya neno hilo. Mama yako asijue. Akijua ataanza kulia, na kilio chake hakina breki.

Mjomba wako,
Cheche


Mjini, 15 Machi

Shikamoo Mjomba,

Barua yako imefika ikiwa na alama ya bakuli la Taratibu juu ya bahasha, lakini maneno yote yamesomeka. Mama hajambo. Amehamisha kuku kutoka jikoni kwenda uani, na sasa kuku wanarudi jikoni kila asubuhi kama wenye kazi huko. Anauliza habari za geti. Nimemwambia linakuja. Akasema, "Tangu huyo ndugu yangu aseme linakuja, kuku wangu wamepata wajukuu."

Pole sana kwa macho. Nimefunga chupa ndani ya soksi ili isivunjike. Mwenye duka hayupo, amesafiri, kwa hiyo sikumsumbua. Tia tone moja kila jicho, asubuhi, mchana na jioni, kwa siku tatu tu, kisha uitupe. Kwa fundi aliyepigwa na moto macho mawili, siku tatu ni nyingi.

Mjomba, ile ya ng'ombe nimewasimulia watu dukani. Mteja mmoja alicheka hadi akasahau dawa yake kaunta.

Mpwa wako


Kambi ya Mabomba, 2 Aprili

Marahaba, marahaba Bi Kaunta,

Dawa yako si dawa, ni askari! Nilipotia tone la kwanza wekundu ulitetemeka. Siku ya pili ulikuwa umekimbia. Mpishi wetu alipoona akasema, "Cheche, umebadilishiwa macho?" Nikamjibu, "Mpwa wangu ana kaunta nzima ya macho, ukitaka la bluu sema."

Ulisema siku tatu, lakini chupa ilikuwa bado imejaa, na mimi si mtu wa kumwaga dawa kama maji ya kunawia. Naendelea nayo. Sasa ni siku ya kumi na nne. Nikiitia, jicho linatulia. Nikiiacha, linanuna. Kwa hiyo siiachi.

Huku jua limekuwa kali kupita kiasi. Nimetundika gunia dirishani ili nipate kivuli, na barua hii naiandikia nyuma ya gunia hilo. Kazini navaa kofia mbili, moja juu ya nyingine. Mafundi wengine wameanza kuniiga, sasa kambi nzima kofia mbili mbili.

Nitumie chupa nyingine. Mbili, ukiweza. Ni kwa ajili ya wenzangu.

Geti liko palepale kichwani, halijapinda.

Cheche


Mjini, 6 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Mama hajambo, kuku hawajambo, nami sijambo, na hayo yatoshe leo.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara mbili kati ya hizo sikuwa nasoma maneno. Nilikuwa naangalia mistari. Wewe unaandika mistari iliyonyooka kama mshono wako. Safari hii mstari wa tano umepanda juu ya wa nne, na ule wa kofia umetoka nje ya karatasi. Mtu haandikii gizani kwa kupenda kivuli. Mjomba, mwanga unakuchoma?

Jana mwenye duka alirudi. Nilimwuliza kana kwamba namwulizia mteja. Nikasema kuna fundi wa kuchomelea, ametia matone haya wiki mbili, akiyaacha jicho linarudi. Akaweka kalamu chini.

"Jicho," akasema, "au macho?"

"Macho," nikasema.

"Umesema 'akiyaacha jicho linarudi'."

Nilisema hivyo, Mjomba, kwa sababu hivyo ndivyo ulivyoandika wewe. Kwenye barua ya kwanza ni macho. Kwenye ya pili, isipokuwa utani wako na mpishi, ni jicho.

Akaniuliza tena, "Huyo fundi hutokwa na malengelenge mdomoni?"

Nikakumbuka Mdomo Sponji, nikasema ndiyo. Akasema moto wa kuchomelea hupiga macho yote, na kesho yake au keshokutwa umekwisha hata bila dawa. Jicho moja linalouma wiki mbili na kuchukia mwanga ni jambo jingine. Kirusi kile kile cha lengelenge, kinaitwa hepesi, kinaweza kushika jicho. Na matone ya kifuniko cheupe hayakiui. Yanazima uvimbe na wekundu tu, na mwili unaacha kupigana. Unafanana na mtu aliyepona, na huku kioo cha jicho kinaliwa. Ni ule mchezo wa panya, kuuma na kupuliza.

ACHA HAYO MATONE LEO. Nenda hospitali ya macho ile iliyo mwisho wa barabara yenu. Na uniambie ukweli, ni jicho moja au mawili?

Mpwa wako


Kambi ya Mabomba, 11 Aprili

Mpwa wangu,

Salamu. Nimemkabidhi barua hii mpima ardhi anayepita kwa njia ya milimani, kwa sababu mvua imebeba daraja na Taratibu amekwama ng'ambo na lori lake. Najua barua yako iko naye. Najua na chupa ziko naye. Ile ya kwanza imekwisha, lakini usihofu, fundi wa bomba la pili alikuwa na yake, kifuniko cheupe vile vile, amenigawia.

Mimi mzima. Kuna maneno madogo yametokea hapa, nakueleza mwenyewe kabla hujayasikia kwa wambea. Tulijaza maji bomba la kipande cha nane ili kulijaribu, likatoa maji kwenye mshono. Maji yaliruka juu kuliko mnara, yalimwangusha ndege. Watu wakasema ni mshono wa Cheche. Mshono wa Cheche! Ni rodi za kuchomelea zilikuwa na unyevu, kila mtu anajua hali ya mvua. Msimamizi amenipa kazi ya kusugua kutu kwa muda, nipumzike, kwa heshima.

Chuma siku hizi kinatengenezwa vibaya. Kina ukungu juu yake.

Mbona huandiki?

Cheche


Mjini, 20 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Naandika na Taratibu kasimama hapa kaunta, injini ya lori imewashwa inaunguruma nje. Daraja wameliunga kwa magogo, anaondoka sasa hivi. Barua yangu ya tarehe sita amerudi nayo mfukoni, imelowa. Siku kumi na nne, Mjomba. Siku kumi na nne imekaa mfukoni mwake, na wewe unaendelea kutia tone baada ya tone. Naiambatanisha. Isome kwanza hiyo.

Nimemwuliza Taratibu, "Mara ya mwisho ulipomwona mjomba alikuwaje?"

"Mzima."

"Mzima vipi?"

"Mzima wa mdomo," akasema. "Maneno yote yapo. Ila nilimpa kikombe cha chai, akashika hewa pembeni yake."

"Na wewe ukanyamaza?"

"Dada, yeye mwenyewe alisema kikombe changu kimekaa upande. Tukacheka."

Sasa nami niseme langu, maana nimelinyamazia tangu Machi. Dawa ile hairuhusiwi kutoka dukani bila karatasi ya daktari. Nilijua. Mwenye duka hakuwepo, nikaichukua rafuni kwa mkono wangu kwa sababu ni wewe uliyeomba, na wewe ndiye uliyenibeba mabegani kwenda shule mwaka ule wa mafuriko. Sikukuuliza swali la kwanza ambalo hata mwanafunzi wa kaunta hufundishwa: umeonwa na daktari? Niliamini hadithi kwa kuwa ilikuwa tamu. Jicho lako likipotea, mkono ulioliondoa ni huu unaoandika.

Mama nimemwambia. Hakulia. Amekaa kwenye kiti cha jikoni, kuku wakapita miguuni mwake, hakuwafukuza. Kisha akasema, "Mwandikie kwamba geti silitaki. Namtaka yeye, na macho yake."

Matone usiyatie tena, lakini chupa nenda nayo kwa daktari, umwonyeshe na umwambie ni siku ngapi. Taratibu ameapa kwamba usipopanda kwenye lori, atakufunga pamoja na mabomba.

Mpwa wako


Kambi ya Mabomba, 24 Aprili

Mpwa wangu,

Barua zako mbili zimefika pamoja, moja kavu na moja imevimba kama mkate uliolowa. Nilimwomba mpishi anisomee ile iliyolowa, kwa kuwa wino umesambaa. Hiyo ndiyo sababu niliyompa yeye.

Kwanza nilikasirika. Nikasema, mtoto niliyembeba mabegani ananiandikia ACHA kwa herufi kubwa! Nikatembea hadi kipande cha nane na kurudi. Nikajikwaa mara mbili kwenye bomba ambalo nimelilaza mwenyewe.

Mpishi akaniuliza, "Cheche, ni jicho moja au mawili? Mtoto anataka jibu."

Nikamwambia, "Nipe chai kwanza."

"Chai iko mbele yako."

Basi. Ni jicho moja. La kulia. Barakoa yangu haikupasuka, ipo hapa, nzima. Saa sita za mshono hazikuwepo. Nilikuwa nimelala na homa siku nne, sijashika mashine, lengelenge liko mdomoni, na siku ya tano nikaamka jicho linauma. Hiyo ndiyo habari yote. Lakini ningekuandikiaje? Fundi mzima aamke kitandani jicho linauma kama mtoto mchanga? Jicho moja bila moto halikuwa na hadithi, nikaliongezea la pili na barakoa juu yake. Sikujua kwamba unapima dawa kwa hadithi yangu.

Kwa hiyo usijilaumu peke yako. Ulimtibu mtu niliyemtunga mimi.

Mshono wa kipande cha nane ni wangu pia. Rodi zilikuwa kavu.

Naondoka leo. Taratibu anapiga honi. Nina hofu, mpwa wangu, na sina namna ya kuipamba.

Mjomba wako


Mjini, 3 Mei

Shikamoo Mjomba,

Nimepata barua yako ya kambini. Kutoka hospitali sijapata kitu, na Taratibu anasema alikuacha kwenye benchi la mapokezi tu, umeshika chupa mkononi kama tiketi. Hiyo ni siku tisa sasa. Kila gari kubwa likisimama nje natoka. Jana lilikuwa la magodoro.

Mwenye duka nimemweleza yote, kwamba mteja yule ulikuwa wewe na dawa niliitoa mimi. Ameniondoa kaunta. Napanga rafu na kuhesabu vifuniko. Hakunigombeza, heri angenigombeza. Jioni aliniuliza tu, "Mjomba anaendeleaje?" nami nikamwambia bado nangoja barua yako.

Mama anakusalimu. Amefagia chumba cha mbele na kutundika pazia zito dirishani, kwa sababu nilimwambia mwanga unakuumiza.

Niandikie hata mstari mmoja. Hata ukipanda juu ya mwingine.

Mpwa wako


Hospitali ya Macho, Wodi ya Pili, 29 Mei

Marahaba mpwa wangu,

Salamu kwako, kwa dada yangu, na kwa kuku. Nisamehe kwa kimya. Mwanzoni sikuweza kuandika, halafu niliweza nikaogopa.

Siku ya kwanza daktari alinitia jichoni tone la rangi ya chungwa, akanikalisha kidevu juu ya kichuma, akawasha taa ya bluu. Akatazama muda mrefu. Nikamwuliza anaona nini. Akasema kirusi kikianza huchora mti mdogo usio na majani, lakini changu kimelishwa na yale matone, mti umepanuka ukawa kama bara zima kwenye ramani. Nilitaka kusema fundi Cheche hata ugonjwa wake ni mkubwa. Sikusema.

Nilimwonyesha chupa. Akauliza siku ngapi. Nikahesabu kwa vidole, za kwako na za yule fundi mwenzangu, nikamwambia ni thelathini na nne. Akaandika thelathini na nne. Akanikataza kuyakatisha matone ghafla, akapanga mwenyewe jinsi ya kuyapunguza chini ya macho yake, huku akinipa dawa ya kirusi chenyewe: mafuta ya jichoni mara tano kwa siku, na vidonge. Muuguzi hapa namwita Saa, kwa sababu hakosei hata dakika.

Nilimwuliza daktari kama ni ile leso niliyoilamba. Akasema inawezekana, au kirusi kilikuwa kimelala kwenye mshipa wa fahamu miaka yote, homa ikakiamsha na kikapanda chenyewe. "Sijui," akasema, "na sitakutungia." Mtu wa ajabu sana. Leso nimeitupa. Nimemtuma Taratibu awaambie kambini, mtu yeyote mwenye lengelenge asilambe leso na kumtoa mwenzake kibanzi. Wataniona nimeharibika, na waseme.

Anasema pia kinaweza kurudi siku yoyote. Jicho likiuma tena nikimbie hospitali, si kaunta. Nimemwambia kaunta yenyewe imeshajifunza.

Mweleze mwenye duka kwamba mjomba anaendelea. Mweleze na ile barakoa ambayo haikupasuka. Nimeandika hayo kwenye karatasi ya pili, imo ndani ya bahasha hii, mpe mkononi. Imesainiwa jina langu lote.

Geti nitalitengeneza, dada asikatae. Si kwa siku mbili. Sijui kwa siku ngapi.

Jicho lenyewe: maumivu yamekwisha, mwanga navumilia, gunia silihitaji. Kovu limebaki katikati, jeupe, kama moshi uliogandia kwenye kioo. Leo asubuhi wamenisimamisha mbele ya ubao wa herufi. Kwanza la kushoto, nikasoma hadi mstari wa chini kabisa. Kisha Saa akaliziba la kushoto kwa kadi. La kulia likasoma ile herufi kubwa ya juu. Likasoma mstari wa pili, polepole. Mstari wa tatu, mpwa wangu, nilikuwa naujua, maana nilikuwa nimetoka kuusoma kwa jicho zima muda si mrefu. Herufi zote nne nilikuwa nazo mdomoni, kwa mpangilio. Saa alikuwa ameshika kalamu, ananingoja, na uso wake ulikuwa unataka nifaulu.

Nikamwambia, "Sioni."

Akaandika mistari miwili. Mwambie na mama yako miwili, usimwongezee.

Mjomba wako